Neno Nililoliandika Juu ya Asali ya Shangazi

Katiba ya kikundi chetu niliiandika mwenyewe, kwa mkono, kwenye meza ya kulia chakula, katika likizo ya Juni. Tulikuwa akina mama kumi na saba wa Mpanda na vijiji vya jirani, na tulikuwa tumekubaliana kukusanya asali ya kila mmoja wetu, kuichuja pamoja na kuiuza kwa lebo moja. Kwa kuwa mimi ni mwalimu wa Kiswahili, hakuna aliyeuliza nani awe katibu. Nilipofika kwenye kifungu cha nidhamu nilikaa muda mrefu nikitafuta neno lenye uzito. "Kuharibu" niliona ni jepesi. "Kuchakachua" lilikuwa na harufu ya stendi. Mwishowe niliandika kwamba mwanachama atakayekiri au kuthibitika kughushi asali atapoteza uanachama wake katika kikao kitakachofuata. Nikaisoma sentensi hiyo kwa sauti, peke yangu, nikaridhika nayo kama fundi anavyoridhika na mshono ulionyooka.

Nalipenda neno lile, na ni vizuri niseme kwa nini. Tumelipokea kutoka Kiarabu, na kabla halijawa neno la mahakama lilikuwa neno la soko. Lilimhusu mwuza maziwa aliyeongeza maji, na mwuza nafaka aliyezifunika punje zilizolowa kwa punje kavu. Kiini chake kilikuwa kuchanganya huku ukificha. Leo tunalisikia zaidi penye vyeti, mihuri na sahihi, hata wanafunzi wangu hushangaa nikiwaambia kwamba maziwa nayo hughushiwa. Wao wana maneno yao. "Feki" walilipokea pamoja na viatu na simu. "Kuchakachua" lilivuma enzi zile mafuta ya magari yalipokuwa yakichanganywa na mafuta ya taa, kisha likapanda juu ya kila kitu, mpaka mitihani na mapenzi. Kuna na "bandia", ambalo ndilo ninalolionea huruma kuliko yote, kwa sababu wazee wetu waliliita hivyo sanamu la kuchezea watoto. Limeanzia mikononi mwa msichana mdogo anayejua kabisa kwamba anachokibeba mgongoni hakipumui, na bado anakiimbia kilale.

Hayo yote nimeyafundisha kwa miaka mingi, ubaoni, kwa chaki. Sikuwa nimewahi kulitumia neno hilo dhidi ya mtu hadi nilipolitumia dhidi ya shangazi yangu.

Shangazi ni dada wa baba yangu, wa mwisho kuzaliwa, na ndiye pekee aliyebaki katika watoto wa bibi. Anakaa Mwamkulu, kwenye nyumba ya tofali za kuchoma aliyoachiwa na marehemu mume wake, ukipita mashamba ya mpunga. Miaka yangu yote ya shule ya msingi nililelewa kwake. Kwa sababu nina jina la mama yake, haniiti kwa jina, ananiita mama. "Mama, umekula?" "Mama, lete ungo." Hata mbele ya wanafunzi wangu waliowahi kunikuta kwake aliniita hivyo, na wao wakacheka mpaka wakasahau kuniogopa.

Asali yake ni ya aina mbili. Ile ya nyuki wakubwa hutoka porini, kwenye mizinga aliyoiacha mume wake, na wapwa zake huenda kuirina. Ile ya pili ni yake mwenyewe. Chini ya vipenu vya nyumba ametundika vipande vifupi vya magogo yaliyotobolewa, na humo wanaishi nyuki wadogo wasiouma, weusi, wadogo kuliko inzi. Asali yao ni nyepesi na ina uchachu. Hawatoi nyingi. Ile ya pili Shangazi hakuwahi kuiuza. Huiweka kwenye chupa chini ya kitanda, na hutoa kijiko mtoto anapokohoa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi, siku yetu ya kikao. Huwa tunakutana kwenye baraza la mwenyekiti wetu, katika kata ya Kashaulili, karibu na soko. Mwenyekiti ni mama wa Kisukuma ambaye wazazi wake walishuka huku na ng'ombe wao yeye akiwa bado ananyonya. Ni mwanamke wa sauti kubwa na roho kubwa, na kila mtu kwake ni mtani, ukubali usikubali. Hatujafungua hata ajenda ya kwanza, akaingia mama mwenye duka anayetuuzia asali, ameshika ndoo ya lita kumi.

"Nimewarudishia," alisema, akaitua. "Wateja watatu wameniletea chupa zao. Asali maji maji, halafu inachachuka mdomoni kama togwa. Nyie akina mama, mimi nina jina langu pale sokoni."

Asali ya kila mmoja hubaki kwenye ndoo yake hata baada ya kuchujwa, na kila ndoo ina alama ya aliyeileta. Mwenyekiti aliigeuza, akatazama kitako chake, akaitua tena taratibu. Ilikuwa ndoo ya shangazi.

Yakafanyika majaribio ambayo kila mtu huku anayajua. Tone likadondoshwa kwenye glasi ya maji; badala ya kuzama likiwa zima, likatawanyika. Njiti ya kiberiti ikachovywa kwenye asali, ikafutwa, ikakwaruzwa. Asali nzito huiacha njiti iwake, lakini njiti hii ilikwaruzwa ikakatika. Ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu ikatoa moshi kidogo, na mama mmoja nyuma akasema, "Hiyo ingewaka tungezima moto kwa asali yenyewe." Watu wakacheka. Shangazi hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, kitenge amekifunga mpaka magotini.

"Bibi," mwenyekiti alimwuliza, kwa upole niliouona, "hii asali umeichanganya?"

"Nimeichanganya," alisema Shangazi.

Baraza zima likavuta pumzi.

"Nimechanganya ili iwe nzuri," akaongeza.

Hapo ndipo mambo yalipovurugika. Mmoja akauliza kama sukari siku hizi inaitwa nzuri. Mwingine akasema huo uchachu ni limau, yeye anaujua, kuna watu Kibaoni walikamatwa kwa mchezo huo huo. Mwenye duka alikuwa akisema jambo ambalo hakuna aliyelisikia. Shangazi alimtazama kila aliyesema, mmoja mmoja, kisha akafunga mdomo wake. Ninamjua. Mtu wa umri wake hajibizani na watoto.

Na mimi? Nilikuwa ninaandika. Nilijua macho ya watu yako kwangu, kwa sababu wote wanajua yule ni shangazi yangu. Niliogopa wasije wakasema katibu anamlinda ndugu yake. Kijiko kilipitishwa ili kila mtu aonje. Kilipofika kwangu nilikipitisha mbele bila kukipeleka mdomoni, nikasema mikono yangu ina wino. Kisha, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni, niliandika: "Mwanachama amekiri kughushi asali." Mwenyekiti akasema suala hilo litaamuliwa kikao kijacho, tukaendelea na mengine. Muhtasari wetu husomwa na kuthibitishwa mwezi unaofuata, hivyo hakuna aliyejua nimeandika neno gani isipokuwa mimi.

Wiki ya pili nilishindwa kuvumilia. Sikutaka alisikie neno lile kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Nilipanda bodaboda baada ya vipindi, nikamkuta uani anageuza mpunga aliouanika juu ya turubai.

"Karibu, Katibu," alisema.

Nilisimama palepale. Katika maisha yangu yote hakuwahi kuniita kwa cheo. Nilipiga goti nikamwamkia, akaitikia, akaendelea kugeuza mpunga kwa unyayo, hatua kwa hatua, akichora mistari.

"Shangazi," nilisema, "ile asali uliichanganya na nini?"

Akasimama. "Leo ndiyo unauliza?"

"Leo ndiyo nauliza."

"Mlikuwa watu kumi na sita mle barazani. Mlinichomea njiti tatu. Hakuna hata mmoja aliyesema, na nini." Aliinua mkono kuelekea kwenye kipenu. "Na ile."

Magogo yalikuwa pale pale. Nilihesabu matano, mengine mawili yalikuwa wazi, hayana nyuki. Alichukua kigoda, akapanda, akaondoa kizibo cha udongo kwenye gogo la mwisho, na nyuki wale wakatoka wakatuzunguka kwenye nywele na pembe za macho, bila kuuma. Ndani kulikuwa na vichungu vidogo vya nta, kama zabibu za udongo, na vingi vilikuwa vitupu. Alitoboa kimoja kwa kijiti, akaniletea mdomoni kama mtu anavyomlisha mtoto. Nikaonja.

Sijui nieleze vipi. Ule uchachu ulinirudisha kwenye kitanda cha kamba, kifua kinakoroma, harufu ya moshi kwenye kitenge chake, na sauti yake ikisema meza, mama, meza. Nilikuwa nimemeza asali ile pengine mara mia. Mtu mmoja tu kwenye baraza lile alikuwa na uhakika wa kuitambua kwa tone moja, na mtu huyo alikuwa amekipitisha kijiko kwa sababu ya wino.

"Yule mwenye duka alinieleza," Shangazi alisema, akishuka. "Siku napeleka ndoo ya kwanza. Aliniambia wanaonunua sana ni akina mama, kipindi hiki cha baridi, watoto wanakohoa. Nikasema, sasa hii ya porini itawasaidia nini? Nikatoa chupa zangu zote za chini ya kitanda, nikamimina. Nyie mnataka asali ya kuwasha kiberiti. Mimi nimetoa ya kumpa mtoto."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Nilisema nimechanganya ili iwe nzuri."

Tukaketi kwenye ngazi ya mlango. Nikamwambia nilichokiandika. Nikamwambia pia kifungu cha katiba, na kwamba kwa neno lile, likishathibitishwa, hakuna kura itakayopigwa, anaondoka tu. Alisikiliza. Kwake kikundi hakikuwa suala la soko peke yake. Tangu mume wake afariki, Jumamosi ile ndiyo siku anayojipaka mafuta na kuvaa kitenge kipya. Na zaidi ya hilo, katika watu wetu, mwanamke akishasemwa kwa asali, hata kwenye msiba hawampi chungu apikie.

"Kughushi ni nini?" aliuliza. Nikamweleza habari ya maziwa na maji, na nafaka iliyolowa chini ya nafaka kavu. Akatikisa kichwa kukubali kwamba hao walifanya vibaya.

"Sisi kwa lugha yetu tunaitaje?" nilimwuliza, kwa sababu nilikuwa nimejaribu kukumbuka njia nzima nisiweze.

Alifikiri. "Kama tulikuwa na neno, mimi sikulisikia. Kwa mama tulitaja mtu alichofanya. Aliyetia maji, tunasema ametia maji. Aliyeiba, ameiba. Basi." Halafu akanitazama. "Wewe ndiye uliyeandika. Nenda ukafute."

Niliinuka nikamuaga, na nadhani alilichukulia hilo kuwa ni ahadi.

Jumapili baada ya ibada nililiweka daftari mezani. Ni daftari kubwa la kaunta, jalada jeusi, na kurasa zake hazina namba. Ukurasa ule ungeweza kuchomoka na mwenzake wa upande wa pili bila mtu kujua. Nilichukua karatasi ya mistari kutoka daftari jingine la aina hiyo hiyo, kalamu ile ile, nikaanza kuandika upya muhtasari wa kikao kile: tarehe ile, waliohudhuria wale wale, dua, ajenda. Nilipokaribia ajenda ya tatu niligundua jambo la ajabu: mwandiko wangu haukuwa wangu. Ulikuwa umenyooka mno. Ilibidi nirudi kutazama jinsi ninavyoandika herufi g nikiwa na haraka, kisha niifanye hivyo kwa makusudi. Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kuiga mwandiko wake mwenyewe, na kwamba jambo hilo linahitaji mazoezi.

Nikaweka kalamu chini.

Nilifikiri juu ya watu niliowahi kuwakasirikia. Nilimkumbuka mzazi mmoja aliyeniletea barua ya hospitali ambayo muhuri wake ulikuwa umechorwa kwa kalamu ya bluu, kwa uangalifu mkubwa, duara kamili, ili binti yake aruhusiwe kurudia mtihani. Niliipeleka ile barua kwa mkuu wa shule kwa vidole viwili kama kitu kinachonuka. Sikumwuliza mama yule binti yake alikuwa na nini. Sasa nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake. Nilikuwa na sababu nzuri kama yake, na pengine duara langu lingekuwa zuri kuliko lake. Mambo yote mawili yalikuwamo mle ndani, kuchanganya na kuficha. Nilichokuwa nikiongeza kilikuwa kweli, ila nilikuwa nikikiongeza kwa siri, chini ya tarehe isiyo yake, ili watu kumi na sita wakinywe bila kujua. Kama kulikuwa na mtu aliyekuwa akighushi katika habari hii, alikuwa anaandika akiwa amevaa miwani yangu.

Ningependa kusema niliichana karatasi ile papo hapo. Ilikaa ndani ya daftari siku kumi na tatu.

Jumamosi ya kikao nilipita Mwamkulu asubuhi kumchukua Shangazi. Nikamwomba abebe chupa yoyote iliyobaki ya nyuki wadogo. Ilibaki nusu. Njiani aliniuliza kama nimefuta, nikamwambia bado, nitafuta mbele ya watu. Akaikumbatia chupa yake mpaka Kashaulili.

Mwenyekiti alifungua kikao. Alimkaribisha tena mwenye duka, kwa kuwa jambo lilimhusu. Tulipofika kuthibitisha muhtasari nilisimama, nikausoma wote kama ulivyo, na sentensi ile nikaisoma polepole. Niliona wengine wakiinamisha macho. Kisha nikasema, "Sentensi hii si ya kweli. Bibi hakukiri kughushi. Alikiri kuchanganya, akatoa na sababu, na mimi nikaandika neno langu mahali pa lake. Hatukumwuliza alichanganya na nini. Mimi ndiye katibu, nilipaswa kuuliza. Tena sikuonja."

"Mwalimu," mwenyekiti alisema, "wewe hukuonja?"

"Sikuonja. Nilisema nina wino."

"Wino!" Akapiga makofi mara moja. "Jamani, huyu ndiye tuliyempa daftari."

Shangazi alitoa chupa. Kijiko kikazunguka, na safari hii nilianza mimi. Kilipomfikia mama mmoja aliyezaliwa Katumba, mtoto wa wakimbizi wa Burundi, alifumba macho. "Hii si ya wale wadogo wa kwenye mbao?" alisema. "Mama yangu alitupaka mpaka kwenye vidonda. Nani aliwaambia hii iwake kiberiti?"

Wakaonja tena ile ya kwenye ndoo iliyorudishwa. Sasa uchachu ule ulikuwa na jina, na kila mtu akadai kwamba alikuwa ameuhisi tangu mwanzo.

Mwenye duka hakuridhika haraka, na alikuwa na haki. "Bibi, umetenda wema," alisema, "lakini mimi uliniambia asali ya porini, nikawaambia wateja asali ya porini. Mngeniambia, ningeitafutia watu wake."

"Hapo umesema," alijibu Shangazi. "Hapo nimekosa. Nilidhani zawadi haitangazwi."

"Ya dukani inatangazwa, Bibi."

"Basi nitakuletea ndoo nyingine. Ya kiberiti."

Watu walicheka, na Shangazi naye alicheka safari hii, akijificha mdomo kwa ncha ya kitenge. Lakini mwenyekiti aliinua mkono. Katiba ni katiba, alisema; kifungu kinasema anayekiri kughushi anaondoka, na hapa kuna mtu amesimama mbele yetu amekiri. Akanigeukia. "Mwalimu, wewe umeghushi au hukughushi?"

Nilitoa ile karatasi ya siku kumi na tatu kutoka kwenye daftari, nikawaonyesha. Sikuwa nimepanga kufanya hivyo. Niliwaambia ni nini na nilitaka kuifanyia nini. Kicheko kiliisha. Niliona mama mmoja akiitazama karatasi na kisha kunitazama mimi, kana kwamba anatupima.

Mwenyekiti aliinyoshea mkono ile karatasi. "Kifungu kinasema kughushi asali," alisema taratibu. "Hakisemi daftari. Nani aliandika hiki kifungu?"

"Mimi."

"Alijiachia mlango." Akaichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaiingiza kwenye kifua cha gauni lake. "Hii nitakaa nayo. Siku ukitusahihishia Kiswahili kupita kiasi, nitaitoa."

Wakakubaliana Shangazi abaki. Ikaandikwa kwamba alichanganya asali ya nyuki wakubwa na ya nyuki wadogo bila kumwarifu mnunuzi, na kwamba tangu sasa asali hizo zitaletwa kila moja kwenye chombo chake. Sikutafuta neno la kujumlisha. Nilitaja alichofanya.

Sentensi ya zamani haifutwi. Huo ndio utaratibu wa daftari. Niliweka rula, nikaikata kwa mstari mmoja, nikatia sahihi yangu pembeni na tarehe ya siku hiyo. Mwenyekiti naye akatia yake. Kisha nikafungua kidau cha wino, nikaushika mkono wa Shangazi, nikakichovya kidole gumba chake na kukikandamiza kando ya mstari. Aliinama kuitazama alama yake, halafu kile kilichokuwa chini ya mstari, ambacho hakuweza kukisoma.

"Bado linasomeka?" aliuliza.

"Linasomeka, Shangazi."

Alikipangusa kidole kwenye pindo la kitenge, bila haraka.

"Liache lisomeke," alisema. "Wajue na wewe ulikosea, mama."